Sabuni Iliyoiva Katikati Tu

Niliikata sabuni ile asubuhi ya Julai, upepo ukiligonga bati la jirani, na kipande cha kwanza kilipolala ubavu nikaliona duara. Katikati palikuwa na rangi ya chungwa iliyokolea, inang'aa kidogo kama vaselini. Pembezoni ilikuwa njano iliyopauka, kavu, inayotoa chengachenga ukiikwaruza kwa kucha. Mpaka kati ya rangi hizo mbili ulionekana wazi kana kwamba mtu ameuchora kwa bikari. Nikakata cha pili, cha tatu, hadi cha kumi na mbili. Vyote vilikuwa na duara.

Jirani yangu, mama ambaye kila mwisho wa mwezi huchukua kwangu vipande vitano, alikuwa amesimama kibarazani akisubiri. Alikishika kimoja, akakigeuzageuza mwangani.

“Mwanangu, hii haijaiva.”

“Imeiva, mama. Ni rangi tu.”

“Rangi gani? Hapa katikati sawa, lakini huku pembeni ni unga mtupu. Kostiki imekwenda upande mmoja. Hebu niwekee ile ya mwezi uliopita.”

Sikuwa na ya mwezi uliopita, na alirudi kwake mikono mitupu. Tangu siku ile nimekuwa nikilifuatilia duara hilo, kwa sababu najua siko peke yangu. Hapa Ipagala, Dodoma, na nadhani Ilazo na Nzuguni pia, wako kina mama na vijana wanaochanganya sabuni jikoni au uani, wanauza kwa jirani, kanisani, kwenye vikoba. Wengi tulianza na sabuni za miche za kufulia, kisha tukahamia sabuni za kuogea zenye maumbo mazuri, na hapo ndipo tulipozinunua kalibu za silikoni. Duara liliingia majumbani mwetu pamoja na kalibu hizo.

Kwanza niliweke sawa jambo ambalo mama yule hakuliamini. Sabuni yenye duara, ikiwa imepimwa vizuri, haina kasoro ya kumdhuru mtu. Pembeni na katikati kuna mafuta yaleyale na kostiki ileile, na baada ya siku mbili kostiki yote imeshaisha kazi yake. Inatoa povu, inasafisha, haichubui. Kilichotofautiana ni joto ililolipata kila sehemu usiku wa kwanza. Lakini mteja hununua kwa jicho kabla ya kununua kwa ngozi, na jicho likishaona rangi mbili ndani ya kipande kimoja, maelezo ya mtengenezaji hayasikiki tena. Mtu anayeuza vipande thelathini kwa mwezi hawezi kumpoteza mteja wa vipande vitano kwa sababu ya blanketi.

Nimesema blanketi, na sasa nieleze kwa nini.

Sabuni hii tunaiita ya baridi kwa kuwa haiwekwi motoni, lakini jina hilo linapotosha. Yenyewe hujipika. Kostiki ikikutana na mafuta huyageuza kuwa sabuni na gliserini, na kazi hiyo hutoa joto. Saa moja au mbili baada ya kumimina, ukigusa kalibu kwa nje utaona imepata uvuguvugu, na kule katikati joto huendelea kupanda hadi nyuzi 60, 70, wakati mwingine hupita 80. Likifika mahali fulani, ule uji mzito hubadilika ghafla: hulainika tena, hung'aa, huwa kama kioo cha chupa yenye rangi. Hiyo ndiyo hatua ya jeli. Ikipoa inarudi kuwa ngumu na haipenyezi mwanga, ila rangi yake hubaki imekolea na uso wake hubaki laini. Sehemu ambayo haikulifikia joto hilo hugeuka sabuni vilevile, polepole, lakini inabaki imepauka. Duara ni alama ya mahali joto lilipofika likaishia hapo.

Kwa nini lishindwe kufika pembeni? Chukua ugali. Ukiuacha mzima kwenye sufuria, nusu saa baadaye ukichimba katikati bado unaunguza vidole. Tonge moja ukiliweka kwenye sahani, kabla hujamaliza kunawa limepoa. Unga ni uleule na moto ni uleule, ila tonge ni dogo na limezungukwa na hewa pande zote. Kalibu ya silikoni yenye vishimo sita, kila kishimo gramu 100 hivi, ni matonge sita. Kila kipande kimebaki peke yake, kina ukuta mwembamba, na hakina mwenzake wa kukiegemea. Joto kinalolizalisha hukimbia kabla halijatosha. Kalibu ndefu ya mche, inayobeba kilo moja na zaidi, ni ugali wa sufuria: katikati huiva bila taabu, lakini pembeni na kwenye kona nne huwahi kupoa. Ndiyo maana vile vipande vya vishimo mara nyingi havipati jeli kabisa, na mche hupata duara.

Nilipolielewa hilo nikalikumbuka boksi la mbao. Wengi wetu tulifundishwa kwa boksi. SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoanzishwa mwaka 1973 na lenye ofisi mikoani, limewapitisha Watanzania wengi kwenye utengenezaji wa sabuni, na waliofundishwa wakawafundisha wengine. Somo lililonifikia mimi lilikuwa hivi: loweka kostiki leo, iache ipoe hadi kesho, changanya na mafuta yasiyopashwa moto, koroga upande mmoja mpaka uji ushike, mimina kwenye boksi la mbao lililotandikwa nailoni, funika, ondoka. Kesho yake unakata miche. Sikumbuki kuona duara kwenye miche ile. Boksi lilibeba ndoo nzima ya uji, na ubao ni mzito, haupitishi joto kirahisi. Wingi na ubao vilikuwa vikifanya kazi ambayo hakuna aliyetuambia kwamba ni kazi. Tulipoliacha boksi tukachukua silikoni, tulibadilisha chombo lakini tukabaki na somo lilelile la kostiki iliyolala na mafuta ya baridi.

Na Dodoma haitusaidii. Mji huu uko juu, zaidi ya mita 1,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Juni na Julai kipimajoto hushuka hadi nyuzi 13 au 14. Halafu kuna upepo, ule unaotujua na tunaoujua, unaopenya kwenye kila upenyo wa dirisha. Kule Paje, Unguja, ambako kina mama wanaolima mwani hutengeneza sabuni ya mafuta ya nazi na mwani, usiku wa Julai hauna baridi ya kutafutia blanketi. Mwenzetu wa pwani anaweza kumimina sabuni jioni akalala. Sisi tukifanya hivyo, baridi ya usiku hufanya kazi kinyume chetu wakati ule sabuni inapohitaji joto lake lote.

Nilianza majaribio mwezi uleule. Mchanganyiko wangu sikuubadilisha, ili nijue ninachokipima: gramu 400 za mawese, gramu 300 za mafuta ya nazi, gramu 300 za alizeti. Mawese mekundu ya Kigoma ndiyo yanayoipa sabuni rangi ya chungwa, na ndiyo pia yanayolionyesha duara waziwazi, kwa kuwa jeli hukoleza rangi. Alizeti tunayo hapahapa, Dodoma na Singida ndiyo nyumbani kwake, lakini ukiizidisha sabuni huwa laini na baada ya miezi huanza kuchacha na kutoa madoa. Kwa kilo hiyo moja ya mafuta kostiki inayotosha, ukiacha asilimia 5 ya mafuta ibaki bila kugeuzwa ili ngozi isikauke, ni gramu 144. Kila kitu kwa mzani. Kikombe na kijiko havipimi kostiki.

Hapa nisimame kidogo, kwa sababu najua gazeti hili litasomwa na mtu ambaye hajawahi kuishika kostiki. Inamiminwa ndani ya maji, kamwe maji hayamiminwi juu yake. Maji yatapanda joto hadi karibu nyuzi 90 kwa dakika chache na kutoa mvuke unaokaba koo, kwa hiyo fanyia uani, watoto wakiwa mbali, macho yamefunikwa kwa miwani na mikono kwa glavu. Usitumie sufuria zetu za kawaida za alumini. Kostiki huila alumini na kutoa gesi inayoweza kushika moto. Tumia ndoo ngumu ya plastiki inayostahimili joto au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Ikikurukia ngozini, osha kwa maji mengi yanayotiririka kwa muda mrefu. Siki iache kabatini.

Jaribio la kwanza lilikuwa la blanketi peke yake. Nilimimina jioni, nikaviringisha kalibu kwa blanketi zito, nikaiweka chini kwenye sakafu ya vigae. Duara lilirudi, safari hii limesogea juu kidogo. Upande wa chini ulikuwa umepauka kuliko wa juu. Kigae kilikuwa kimeinyonya sabuni joto usiku kucha, nami nilikuwa nimeifunika kila upande isipokuwa ule uliogusa kitu cha baridi kuliko vyote.

Jaribio la pili niliweka ubao chini, juu yake magazeti ya zamani yaliyokunjwa unene wa kiganja, kisha kalibu, kisha blanketi. Lilikuwa na dalili zote za kufanikiwa. Saa nne usiku sikuweza kujizuia. Nilifunua nione, nikaikuta jeli inang'aa katikati, inatanuka taratibu kuelekea pembeni, nikafurahi, nikaenda kutafuta tochi ili nione vizuri zaidi, nikarudi, nikamulika, nikagusa. Dakika tano nzima sabuni ilikuwa wazi kwenye hewa ya usiku. Asubuhi jeli ilikuwa imekomea palepale nilipoiona. Tangu siku hiyo nimejiwekea sharti la kutofunua mpaka kesho yake, hata wageni wakija wakiomba kuona.

Jaribio la tatu ndilo lililonifundisha kuhusu maji, na hili nataka tulizungumze kwa kirefu kwa sababu wengi hulidharau. Mimi nilikuwa nikitumia maji mara mbili ya kostiki, yaani gramu 288, kwa kuwa sabuni yenye maji machache hukauka upesi. Kumbe kiasi cha maji ndicho kinachoamua sabuni itaingia kwenye jeli ikiwa na joto gani. Maji yakiwa mengi, jeli huja mapema, joto likiwa halijapanda sana. Maji yakiwa machache, sabuni inahitaji kupanda zaidi kabla ya kubadilika. Kwa hiyo mtu anayepunguza maji, akatumia kalibu ndogo, akamimina usiku wa Julai, ameinua kizingiti na kupunguza kuni kwa wakati mmoja. Nilipoongeza maji hadi gramu 370, bila kubadilisha kitu kingine chochote, duara lilitanuka mpaka likabakiza ukingo wa upana wa kalamu.

Ukingo huo ulimalizwa na mambo matatu, na yote hayahitaji pesa nyingi. La kwanza ni kuacha kulaza kostiki. Sasa naichanganya na mafuta ikiwa bado ina nyuzi 45 hadi 50, na mafuta nayo nayapasha yafike hapohapo. Sabuni inaanza safari ikiwa imeshavuka nusu ya mlima. Uji hushika haraka zaidi, kwa hiyo kalibu ziwe tayari mezani kabla hujaanza kukoroga, maana ukishaona mchuruziko wa mwiko unaacha alama juu ya uji, huna muda wa kutafuta kitu.

La pili ni deli, lile lile la kuuzia barafu na maji baridi. Kinachozuia joto kuingia huzuia pia joto kutoka, na kila mwenye hotpoti nyumbani anajua hivyo. Naliandaa kwa kuweka ndani chupa mbili za maji ya moto nusu saa kabla, ili lisiwe baridi linapopokea sabuni. Kalibu inaingia ikiwa juu ya ubao wake, nyingine pembeni yake zikigusana kama watoto waliolala kitanda kimoja, chupa zinabaki kwenye kona, kifuniko kinafungwa, blanketi juu. Vile vishimo sita ambavyo havikuwahi kupata jeli vilipata mara ya kwanza ndani ya deli. Ukiwa na oveni unaweza kuipasha hadi nyuzi 70 hivi, ukaizima, ukaingiza kalibu na kuzilaza humo, na matokeo ni mazuri. Lakini nyumba zenye oveni mtaani kwetu ni za kuhesabu, na sioni sababu ya mtu kukopa kwa ajili yake wakati deli lipo.

La tatu ni saa. Niliacha kumimina jioni. Namimina saa tatu asubuhi, sabuni inapanda joto pamoja na mchana, na inafika kileleni saa saba au saa nane, wakati jua la Dodoma liko na nguvu zake zote. Jambo jepesi hivi lilinichukua wiki tatu kuligundua, kwa sababu nilikuwa nimezoea kwamba kazi za mikono hufanywa baada ya kazi za ofisini. Sasa nachanganya Jumamosi.

Hayo ni ya Julai. Oktoba na Novemba, nyumba ikiwa na joto la nyuzi 30, blanketi hilohilo linaweza kukuharibia. Sabuni ikizidi joto huvimba, hupasuka mgongo kama mkate, na kwenye silikoni hutoka na vipele vidogo vidogo pale ilipogusa ukuta wa kalibu. Ukitia asali, maziwa au sukari, joto hupanda zaidi, kwa hiyo hizo nazifunika kwa kitenge kimoja tu hata wakati wa baridi. Nimeona watu wakitia unga wa ubuyu kwa kuwa mibuyu tunayo tele. Wakumbuke kwamba unga ule una asidi, na asidi huila sehemu ya kostiki kabla haijafika kwenye mafuta. Mafuta ya mbegu za ubuyu ni jambo jingine, hayo hayana ugomvi na kostiki.

Kuna wanaokwepa jeli kwa makusudi, nami nawaheshimu. Wanatumia maji machache, wanachanganya vikiwa vya baridi, wanaziingiza kalibu kwenye friji, na sabuni yote inatoka na rangi moja iliyopauka, nzuri kwa anayetaka weupe au anayetumia maziwa. Kipande kizima kikiwa hakijapata jeli hakina duara. Gharama yake ni uvumilivu, kwa sababu sabuni hiyo hung'ang'ania silikoni kwa siku kadhaa, na ukiivuta mapema kona hubaki ndani ya kalibu. Pia hupenda kuota unga mweupe juu. Unga huo ni kostiki iliyokutana na hewa kabla haijamaliza kazi, ikageuka kuwa ndugu wa magadi, yaleyale tunayotia kwenye mlenda. Haudhuru, unafutika kwa kitambaa chenye maji. Kwa kalibu zenye nakshi za maua na majani, ambazo kila mstari lazima utoke mzima, mimi nachagua jeli.

Ikishatoka kwenye kalibu, sabuni ya Ipagala ina bahati ambayo ya pwani haina. Hewa yetu kuanzia Mei hadi Novemba ni kavu, na vipande vilivyopangwa kwenye chanja kwa wiki 4 hadi 6 hupoteza maji vizuri, hukakamaa, hudumu bafuni. Upepo uleule unaoiba joto usiku wa kwanza ndio unaokausha baadaye.

Jumamosi ya mwisho wa Julai nilimimina mche mmoja na vishimo kumi na viwili, nikafunga deli saa tatu na nusu, sikulifungua mpaka Jumapili baada ya misa. Vishimo vilitoka vyote kwa kusukumwa na kidole gumba, vimekolea rangi moja kutoka ukingo hadi ukingo. Mche niliukata kwa waya mbele ya mama jirani, ambaye safari hii alikuwa ameketi kwenye kigoda. Kipande cha kwanza, safi. Cha pili, safi. Alivipokea kimoja kimoja, akavinusa, akavipanga mapajani juu ya kanga. Tulipofika cha mwisho, kwenye kona moja palikuwa na kipauko kidogo cha ukubwa wa punje ya hindi.

“Hapa je?”

Nikaenda kuliangalia deli. Upande ule kifuniko kilikuwa kimebana pindo la blanketi na kuacha mwanya wa kupitisha vidole viwili.

“Hicho nitakitumia mwenyewe, mama.”

“Hapana,” akasema, akakiweka pamoja na vingine. “Nipe vyote sita.”